Hando la Marikani

Kadzo mwanangu,

Salamu zangu leo ziifikie miguu yako kwanza, ndipo zipande juu. Kesho asubuhi miguu hiyo itapanda ndege Mombasa na kuteremka Johannesburg, na mimi niko huku Jeddah, mtaa wa Safa, nyumbani kwa mama yake madam ninayemfanyia kazi, wala siwezi kuishika hata kidole. Leo ni Ijumaa. Wameswali, wamekula, wamelala. Nyumba imenyamaza kama duka lililofungwa, na nina saa mbili hivi kabla mtu hajaitisha kahawa. Naandika kwenye daftari ambalo Rima, binti wa madam, aliliacha kurasa zikiwa bado nyingi. Nikimaliza nitapiga picha ukurasa mmoja mmoja nikutumie. Usome ukiwa angani, au usome ukishafika. Ukitaka usisome kabisa, nitaelewa.

Mambo ya pasipoti na chanjo, na ya kutombebea begi mtu usiyemjua, mjomba wako Karisa ameshakuambia mpaka umechoka. Bibi yako Hawe naye ameshakuambia usile kwa watu ovyo. Mimi nina jambo moja tu, nalo lina miaka mitatu kooni.

Juzi Hawe aliniambia kwenye simu, kwa ile sauti yake ya kupaka sukari, "Kadzo asema usimpigie akiwa uwanja wa ndege. Asema hataki kulia mbele ya watu na mabegi." Nakujua. Nadhani ulisema tu, "Sitaki," na hayo mengine aliyaongeza bibi yako. Sikulaumu. Ninachoogopa ni kimoja: usije ukaondoka na lile neno langu. Neno la mzazi likimwingia mtu hukaa kama kijiwe ndani ya kiatu, na mtu anayekwenda kusomea dansi hawezi kwenda na kijiwe kiatuni.

Unaikumbuka siku yenyewe kuliko mimi. Lakini acha niiseme, ili ujue kwamba nami sikuisahau.

Nilikuwa nimekuja likizo, miaka miwili ya kwanza ya kazi ya Riyadh imekwisha. Ulikuwa na miaka kumi na mitano. Shangazi zako walikuja na sufuria zao, viti vikatolewa nje, na wewe ukaweka simu juu ya kinu, muziki ukaanza. Ulikuwa umejifunza jazi kwa yule mwalimu kijana wa shuleni kwenu na kwa kutazama video usiku na mchana. Ulivaa suruali nyeusi na fulana ya Karisa uliyoifunga fundo kiunoni. Ulinichezea mimi. Ilikuwa zawadi yako ya kunikaribisha nyumbani. Ulipomaliza ulibaki pale katikati, magoti yamekunjika, unahema, na shangazi zako wakainuka na leso zao na noti zao kuja kukutuza, kama inavyofanywa kwetu mtu akicheza vizuri.

Mimi nikainua mkono. Nikasema, "Msimtuze."

Kisha nikakutazama, nikakuambia kwa sauti ya darasani, "Mcheza kwao hutuzwa. Hapo unapocheza si kwenu. Hizo ni dansi za Marekani."

Nakumbuka Shangazi Mbeyu alivyosimama na leso yake mkononi, hajui airudishe begani au aitandike chini. Nakumbuka ulivyonyoosha magoti, polepole, kama mtu anayekunja nguo. Ukachukua simu juu ya kinu, ukazima muziki. Tangu siku hiyo hukunitumia video hata moja. Umenitumia ripoti za shule, picha za mbuzi, picha ya meno ya Hawe yaliyong'oka. Dansi hukuniletea tena, mpaka niliposikia kwa Karisa kwamba umepata ufadhili.

Sasa nikuambie ninachokijua leo na sikukijua siku ile. Sitaanza na historia, ingawa unajua naipenda. Nitaanza na aibu yangu.

Mimi nilicheza, Kadzo. Hili hujui, kwa sababu nilimwapisha Hawe asikuambie. Nilipomaliza kidato cha nne, nikingoja matokeo, nilikuwa katika kikundi kilichochezea wageni kwenye hoteli za Watamu. Tulikuwa wasichana sita na wapiga ngoma wanne. Nilivaa hando la Hawe, lile vazi la kiunoni la Kigiriama lenye tabaka juu ya tabaka, ambalo ukitikisa nyonga kidogo lenyewe linamalizia maneno. Nilikuwa hodari. Nasema bila haya: nilikuwa hodari kuliko wote. Mpiga ngoma mmoja alikuwa akipunguza mwendo ili anione nikingoja, mguu mmoja ukiwa hewani. Huyo ndiye baba yako. Unajua alikwenda zake. Hukujua alikuwa anapiga nini.

Tumbo lilipoonekana, watu walisema, "Kiuno kimemponza." Walisema kanisani, walisema kisimani. Mimi nikawaamini. Sikumlaumu yule mwanamume wala ujinga wangu, nililaumu kiuno. Nikampa Hawe lile hando, nikamwambia, "Lichome." Nikakulea, nikarudi kusoma, nikapata shahada, nikafundisha Historia na Kiswahili kwa mkataba usiokwisha kuandikwa upya. Nikawa mwanamke aliyenyooka. Nilitembea nimenyooka, niliketi nimenyooka. Na siku ile uani, nilipokuona umekunja magoti, mabega yako yakienda upande wao na kifua upande wake, sikumwona binti yangu. Nilimwona msichana wa Watamu, nikataka kumziba mdomo. Neno "Marekani" lilikuwa kisingizio tu. Sikuwa nimelifikiria hata kidogo.

Hiyo ndiyo aibu. Sasa nije Riyadh.

Nyumba ya madam iko Malqa, kaskazini kabisa, nyumba ya ghorofa tatu yenye ngazi za marumaru. Madam huumwa na kichwa. Mwezi wangu wa kwanza alinipa ndala laini za kitambaa, akaweka kidole mdomoni pake, akasema, "Shwai shwai. Mafi sauti." Polepole, pasiwe na sauti. Basi nikajifunza kutembea kwa ncha za vidole, kushusha ndoo bila kugonga, kufunga kabati kwa kulisindikiza na kiganja. Nilikuwa mwanafunzi mzuri, kama kawaida yangu. Baada ya mwaka, watu walikuwa wakishtuka kunikuta chumbani. Madam si mama mbaya. Mshahara haujawahi kuchelewa, ikama yangu, kibali cha kuishi huku, inahuishwa kabla haijafika tarehe, na nilipougua alinipikia supu kwa mkono wake. Nakuambia tu kwamba nilinyamaza mpaka kwenye nyayo.

Mwaka jana Rima alianza kwenda kujifunza jazi kwenye ukumbi wa wanawake, si mbali na kwetu. Ana miaka kumi na tisa na mabega yamegoma, kama mtu aliyejitwika ndoo ya maji. Madam hakutaka aende peke yake, kwa hiyo nilitumwa nimfuate, nimbebee begi, nikae nyuma. Mutua, dereva wetu, Mkamba wa Machakos, alikuwa akituacha mlangoni na kuniambia, "Mwalimu, na wewe uingie ucheze basi. Ama shahada imefunga viungo?"

"Wewe endesha gari," nilimjibu.

"Mimi naendesha. Lakini nakuona kwa kioo, kichwa kinaenda na redio."

Mwalimu wao alikuwa mwanamke mweusi wa Marekani, mfupi, na sauti ya mtu aliyezoea kuita watoto kutoka mbali. Siku ya kwanza hakuwachezesha. Aliwakalisha chini kwenye duara, mimi nikiwa nyuma na begi mapajani, akawasimulia dansi hii ilikotoka. Nilikuwa nimefundisha habari za utumwa miaka sita, Kadzo. Niliwahi kuandika ubaoni meli, mashamba, pamba, sukari. Sikuwahi kuuliza watu wale walibeba nini mwilini ambacho hakingeweza kunyang'anywa.

Akasema kwamba mahali fulani huko mabwana waliziogopa ngoma, kwa kuwa ngoma huita watu na kuwapa habari. Wakazipiga marufuku. Basi watu wakapiga mapaja, wakapiga vifua, wakapiga sakafu kwa visigino. Mwili wenyewe ukawa ngoma. Akaonyesha. Alijipiga paja na kiganja, kifua, paja, mguu chini, na midundo miwili tofauti ikatoka kwa mtu mmoja, kama wapiga ngoma wawili wanaotaniana. Nilitazama ndala zangu za kitambaa.

Usinielewe vibaya. Sijilinganishi nao. Mimi nilipanda ndege kwa hiari yangu, na nitapanda nyingine kurudi. Lakini mtu aliyewahi kuambiwa apunguze nyayo, hadithi ile haimpiti kama upepo.

Akaendelea. Akasema walipoingia kanisani waliambiwa kucheza ni dhambi. Wakauliza, kucheza ni nini? Wakajibiwa: ni kupishanisha miguu. Sawa, wakasema. Wakazunguka duara, wakiburuta nyayo bila kuinua mguu wala kuupitisha juu ya mwenzake, wakiimba mpaka alfajiri, na hakuna aliyeweza kusema wamecheza. Hapo nikamwona Hawe wazi, katika kwaya ya akina mama, siku ya mavuno. Unajua anavyofanya. Mchungaji amekataza ngoma, kwa hiyo nyayo zake hazitoki sakafuni hata kidogo, lakini kila kilicho juu ya nyayo kinamsifu Mungu kwa namna ambayo mchungaji hulazimika kutazama Biblia yake.

Na jambo la tatu, ambalo utalicheka. Watumwa wale walikuwa wakiwatazama mabwana zao wakicheza kwa madaha, kifua mbele, mkono juu. Wakarudi uani wakawaigiza, wakatia chumvi, wakainua magoti mpaka kidevuni. Mabwana wakaona, wakafurahi, hawakujua kwamba wanaochekwa ni wao. Wakawashindanisha, na aliyeshinda akapewa keki. Fikiria: unamdhihaki mtu, naye anakutuza! Nilicheka kwa sauti pale nyuma. Babu zetu wa pwani walifanya hayohayo na ngoma ya beni, wakivaa kofia na kupiga gwaride la kuwacheka maofisa, na maofisa wakidhani wanapigiwa saluti. Ni utani uleule, ndugu waliopotezana wanaucheka kila mmoja upande wake wa bahari.

Mwalimu akasikia kicheko changu. Akanitazama kwa wema kabisa.

"Wewe unatoka wapi, dada?"

"Kenya. Kilifi."

"Watu wa kwenu wanacheza hivi? Magoti yamekunjwa, mabega peke yake?"

Wasichana wote wakageuka. Rima akageuka. Na mimi, Kadzo, mjukuu wa wacheza ngoma ya mwanzele, msichana wa hando wa Watamu, nikajibu, "Hapana. Sisi ni Wakristo."

Sijui jibu lile lilitoka wapi. Yule mama akasema, "Sawa," akaendelea na somo. Kwenye gari nilikumbatia begi la Rima, nikitazama sakafu. Mutua akaniuliza, "Mwalimu, kuna mtu amekufa?" Kama Petro aliyemkana Bwana wake, nilikuwa nimesikia jogoo akiwika katikati ya Riyadh, mahali pasipo na jogoo.

Ndipo nikampigia Hawe. Nikamwambia yote: ukumbi, duara, keki, jibu langu. Alisikiliza, nikisikia kuku wake nyuma. Nilipomaliza akasema, "Sasa wewe msomi, nikuulize. Siku ile ulimwambia mtoto zile dansi ni za Marekani."

"Ndiyo, mama."

"Na hando je?"

"Hando ni letu."

"Nguo ya hando inaitwaje?"

Unajua, mwanangu, jibu nililijua tangu utoto. Kila bibi anaijua ile nguo nyeupe ngumu ambayo mahando ya zamani yalishonwa kwayo. Inaitwa marikani.

"Inaitwa marikani," akasema, "kwa sababu ilitoka kwao Marikani. Mama yangu alikuwa akiipasua vipande na kuikunja, vipande na vipande, mpaka ikawa Mgiriama. Mbona hukuiambia hiyo irudi kwao?"

Niliketi juu ya ndoo ya kufulia. Nimefundisha biashara ya pwani mimi. Niliwaambia wanafunzi kwamba nguo ya marikani ililetwa na meli kutoka Amerika, ikauzwa Unguja, ikaingia bara. Nimefundisha na pamba, muhula mwingine, kwenye sura nyingine ya kitabu. Sikuwahi kuziweka sura hizo mbili pamoja. Pamba ile, wakati ule, ilichumwa na akina nani? Ilichumwa na watu waliotolewa Afrika, walewale waliojipiga mapaja usiku kwa kukosa ngoma. Mikono yao ikachuma, mashine zikafuma, meli zikaleta, na bibi wa bibi yako akaifunga nyongani akacheza. Hawakujuana kabisa. Lakini jasho lao lilikuwa ndani ya kile kilichotikisika.

Na mimi nilikuambia si kwenu.

"Lakini ulilichoma," nikamwambia Hawe. "Nilikuambia ulichome."

Akacheka mpaka akakohoa. "Nilichoma gunia la viazi, Dama. Wewe ulikuwa unalia chumbani, ulinusa moshi ukaridhika."

Kwa hiyo ukikuta kitu kizito cheupe chini ya begi lako, kimefungwa kwa kamba ya mkonge, usidhani ni makosa. Hawe amekitia. Kitaongeza uzito, na Karisa atalalamika. Mwache alalamike.

Nilidhani baada ya simu ile nitakuandikia siku hiyohiyo. Sikuandika. Hapa ndipo nataka unijue vizuri, kwa sababu unafanana nami: mimi nikishaelewa jambo, hudhani nimeshalitenda. Nilielewa, nikaridhika, nikaendelea kupiga pasi. Miezi ikapita. Ukapata ufadhili. Nikatuma ujumbe, "Hongera sana mwanangu, Mungu akutangulie," kama ninayemwandikia mtoto wa jirani. Ukajibu, "Asante Mama." Maneno mawili. Niliyastahili.

Kilichonisukuma ni Alhamisi ya wiki iliyopita. Tulikuwa tumekwisha kuja Jeddah kwa likizo, na madam alitutuma mimi na Mutua kule Balad, kwenye zile nyumba za zamani za mawe ya matumbawe, tukamchukulie mama yake dawa zake za mizizi kwa muuzaji wake wa miaka yote. Njia ilikuwa imezibwa na watu. Kulikuwa na arusi. Wanaume wamepanga mistari miwili inayotazamana, fimbo mkononi, wanaimba kwa kupokezana, na katikati kuna moto mdogo. Wawili wawili wakaingia, wakauzunguka moto, fimbo zinazunguka juu, magoti yamekunjwa, mguu mmoja unainuka na kungoja kabla haujashuka. Kungoja kule, Kadzo! Nilikujua. Ndiko kulikompunguzisha mwendo baba yako.

"Mwalimu," Mutua akaninong'oneza, "hawa wasee wametoka kwetu ama sisi tumetoka kwao?"

"Hivyo hamchezi nyinyi. Nyinyi mnaruka."

"Tunaruka, ndiyo. Na tukishuka tunakuta nyinyi Wagiriama bado mnatikisa mabega palepale, hamjasonga hata hatua."

Kando ya moto alikuwepo mzee mmoja mweusi, kanzu imekunjwa mpaka magotini, ameinamisha ngoma kwenye joto ili ngozi ikaze. Anaipasha, anaigonga kwa kidole, anaipasha tena. Kama kwetu kabisa. Nikasahau adabu zangu zote za miaka mitano, nikamsogelea, nikamuuliza kwa Kiarabu changu cha jikoni ngoma hii imetoka wapi.

Akanitazama usoni. "Wewe wa wapi?"

"Kenya."

"Afrika." Akatikisa kichwa kama mtu aliyeletewa jibu la swali lake mwenyewe. "Babu wa babu yangu alikuja kuhiji kutoka huko magharibi mwa bara lenu. Hakurudi. Wengine wanasema ngoma ilikuja naye, wengine wanasema aliikuta hapa."

"Kwa hiyo ni yenu au ni yao?"

"Binti," akasema, "unauliza sana. Ngozi inapoa." Akainuka na ngoma yake, akaingia mstarini.

Nilisimama pale na mfuko wa dawa. Mguu wangu wa kulia, ndani ya kiatu, ukawa unagonga chini. Niliutazama kama mguu wa mtu mwingine. Mutua aliuona pia. Alichukua tu ule mfuko mkononi mwangu.

Jana asubuhi nilipanda juu ya paa kuanua nguo. Rima akanifuata, anatafuta mtandao wenye nguvu. Nikamwambia, "Rima, nishikie simu. Nirekodi."

"Unafanya nini?"

"Nacheza. Binti yangu anasafiri."

Alidhani namtania. Kisha akaona navua ndala. "Yalla," akasema, akakaa juu ya tangi la maji.

Sikuweka muziki. Nilijifunga shuka la kitanda nyongani, nikalikunja mikunjo mikunjo, hando la mtu mwenye haraka. Nilianza kwa mapaja, kama alivyotuonyesha yule mwalimu, kisha nikaachia miguu. Kadzo, magoti yangu yanalia siku hizi. Pumzi iliniisha mapema. Mwanzoni nilicheza kama mtu anayesoma kutoka ubaoni. Lakini kufika katikati nadhani nilipata, kidogo. Utajua wewe. Wewe ndiye unayekwenda kusomea.

Sikumsikia madam akipanda. Yeye ndiye aliyenisikia mimi. Paa lile liko juu ya chumba chake. Nilipogeuka alikuwa amesimama mlangoni na kikombe cha kahawa, na Rima ameganda, lakini simu hakuishusha. Nikasema moyoni, halas, basi, leo nimekwisha. Madam alinitazama usoni, akatazama nyayo zangu kwenye saruji. Akasema polepole, "Miaka mitano nyumbani kwangu. Sikujua kama una miguu."

Sijui bado alimaanisha nini. Alishuka, akaniacha. Nguo nikaanua nikiwa peku.

Video utaipata baada ya ukurasa wa mwisho. Mwanzo utaona mashuka ya watu yanapepea. Vumilia hapo, usiikate. Sauti ya mwisho ni ya Rima anacheka, hakucheki wewe.

Huko uendako watakufundisha dansi hii ilikozaliwa, na watakuwa na vitabu na majina ambayo mimi sina. Jifunze yote. Wakisema ni ya Marekani, ni kweli. Watu wale waliiunda kule, kwa maumivu yao na ucheshi wao, na usije ukawapokonya kwa kusema ni yetu sisi. Bibi yako hakusema marikani ni ya Wagiriama. Aliikunja tu, akaivaa, jina lake akaliacha palepale. Na mtu akikuambia hapo si kwenu, hata akiwa na shahada, hata akiwa amekuzaa, mwulize nguo aliyovaa inaitwaje.

Ile methali niliyokupigia nayo, sikuwa nimeielewa. Nilidhani kwao mtu ni mahali. Siku ile ulikuwa kwenu, mwanangu. Ulikuwa uani kwa bibi yako, mbele ya shangazi zako, na mama yako amekaa kwenye kiti cha mbele. Ulicheza kwenu hasa, na aliyezuia usituzwe ni mwenye nyumba. Shangazi Mbeyu bado anayo ile leso. Nimemwomba aje nayo kesho uwanjani. Yeye atakutandikia begani, lakini mkono ni wangu.

Kwetu mzazi hampigii mtoto magoti. Hawe angenishangaa, na wewe ungeona haya kuliko mimi. Basi sikupiga. Lakini tazama ile video vizuri, pale katikati, shuka la bluu linapopeperuka na kuniacha wazi. Nimeyakunja.

Mamako,
Dama